Chura wa Mkono wa Kulia

Bweni la Wasichana, chumba cha 14
3 Februari 1986

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kwenye cherehani, maana mahali pengine sijui kama unakaa. Mimi mzima. Nisalimie baba, umwambie saa aliyonipa bado inachelewa dakika kumi, na mimi nachelewa nayo kwa heshima.

Tumeanza kusoma mkono. Kabla hujashika kichwa, nikueleze. Kila kundi la wanafunzi sita lina maiti wake, mtu aliyeacha neno akiwa hai kwamba mwili wake utumike kufundishia. Hatumwiti maiti. Tunamwita Mwalimu, na kila asubuhi kabla ya kazi tunamwamkia, wote sita kwa pamoja. Hajaitika hata siku moja. Mkufunzi wetu, tunayemwita Daktari Kalamu kwa sababu hagusi kitu ila kwa ncha ya kalamu, anasema ndiye mwalimu pekee chuoni asiyechoka kuulizwa.

Sasa sikiliza kilichonipata. Mishipa inayoleta damu kutoka moyoni inaitwa ateri, ndiyo inayodunda. Ile ya kijani inayoonekana juu ya ngozi ni veni, inarudisha damu, haidundi. Kitabu kinasema ateri ya mkono hushuka ikiwa moja, imejificha ndani, na ikishavuka kiwiko kidogo ndipo inapogawanyika: tawi la upande wa kidole gumba na tawi la upande wa kidole cha mwisho. Basi nikapewa kisu nifungue mkono wa Mwalimu. Nikakuta ateri yake imegawanyika juu kabisa, karibu na kwapa, na tawi moja limepita mbele ya kiwiko, chini ya ngozi tu, mahali pa veni. Nikajua nimeharibu. Nilitaka kuurudisha mshipa chini kwa kidole watu wasione.

Daktari Kalamu akaja, akatazama, akacheka hadi miwani ikamshuka puani. "Hujaharibu kitu," akasema. "Alizaliwa hivi. Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya watu wengi, lakini wagonjwa huja mmoja mmoja." Akayaita makundi yote yaje kuona, na mimi nikasimama pale kama niliyeuchora mshipa mwenyewe.

Juzi tulifanya jaribio la mkono. Lilipita. Tuyaache hayo.

Jambo la mwisho: koti jeupe ulilonishonea mikono yake inafika kwenye kucha. Ulinipima au ulinikadiria?

Mtoto wa kaka yako.


Karakana
26 Februari 1986

Kwa Daktari Robo,

Marahaba. Sisi hatujambo. Baba yako anasema saa haichelewi, ni huko kwenu mnakimbia. Kifungo cha koti lake kimekatika, nimemwambia alitundike hapa ukutani nitamfanyia. Amelitundika.

"Ulinipima au ulinikadiria." Nimeyasoma maneno hayo mara tatu, nikaisomea na cherehani isikie. Mimi nimeanza kupima mikono ya watu kabla baba yako hajaota ndevu. Koti ni refu kwa sababu nimeacha nafasi ya kukua. Najua una miaka ishirini na mbili, lakini akili bado inakuja, na nayo itahitaji pa kukaa. Kunja.

Mshipa wa huyo Mwalimu wenu haujanishangaza. Mimi niliyeishia darasa la nne ningewaambia bila kumkata mtu. Miaka thelathini na moja napima, sijaona binadamu mwenye mikono miwili sawa. Mteja wa kwanza niliyemkatia shati kwa kiolezo cha karatasi bila kumpima alirudi jioni ile ile, shati mkononi, maneno mdomoni. Tangu siku hiyo kiolezo nakiheshimu, lakini mtu namshika.

Na kwani huyo Mwalimu ana Chura kama wangu? Umemsahau Chura? Ulipokuwa mdogo, nikitaka kukupima ulikuwa unaweka kidole ndani ya kiwiko changu cha kulia, unasema, "Shangazi, humu kuna chura anaruka." Hukukubali kupimwa kiuno mpaka umsalimie. Mimi nilidhani kila mtu anaye.

Kazi ni nyingi, mwanangu. Kituo cha afya kimenipa mapazia ya wodi, naenda kila mwisho wa mwezi. Ngazi zao zinanichosha kidogo, lakini zimejengwa vibaya zile. Muuguzi wa pale ni mtu wa adabu sana. Juzi aliutazama mkono wangu wa kulia akasema, "Mama, una mshipa mnono, umelala juu kabisa. Wa kushoto tumeshauchosha. Tarehe 24 mwezi ujao tutautumia huu." Unaona? Hata mishipa yangu inasifiwa.

Kula vizuri. Na hilo jaribio "lililopita" lilipita likielekea wapi?

Shangazi yako.


Bweni la Wasichana
8 Machi 1986

Shangazi mpendwa, na mwongo mpendwa,

Shikamoo. Sisalimii mtu mwingine leo.

Mapazia hayatundikwi kwenye mshipa wa mtu. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula nilipofika hapo kwenye barua yako. Niliacha foleni, niliacha na sahani. Unaumwa nini? Wanakupa dawa gani? Kwa nini nijue habari zako kwa kujikwaa?

Nitakugombeza baadaye. Kwanza hili, na ulisome kama unavyosoma vipimo.

Chura si veni. Chura anaruka, na kinachoruka ni ateri. Una mshipa kama wa Mwalimu wetu, ateri iliyopita juu, chini ya ngozi, mahali ambapo kila muuguzi amefundishwa kutafuta veni. Kwa macho ni mshipa mzuri. Dawa ikiingia kwenye veni inakwenda moyoni, inachanganyika na damu nyingi, inatawanyika. Ikiingia kwenye ateri inashuka moja kwa moja vidoleni ikiwa kali vile vile, na mishipa midogo ya vidole inajifunga. Vidole vinakuwa vyeupe, halafu vinakuwa vyeusi. Daktari Kalamu amewahi kumwona mtu aliyepoteza vidole vitatu kwa sindano moja. Vidole vyako, Shangazi. Vya kulia. Vinavyoshika mkasi.

Mwambie muuguzi aguse kabla ya kufunga ule mpira wa kukaza mkono, kwa vidole viwili, si kwa gumba, maana gumba lina mdundo wake litamdanganya. Mpira ukishakazwa, mdundo unaweza kupotea, na hapo Chura atanyamaza kama hayupo. Panapodunda, pasichomwe.

Na wakishachoma popote, tazama rangi kabla dawa haijafunguliwa. Damu ya veni ni maroni, inakuja taratibu. Ya ateri ni nyekundu ya kung'aa, ile ya utepe wa sare za shule uliokuwa unaniachia vipande nichezee, na inakuja kwa kusukuma. Ukiiona hiyo, piga kelele.

Nijibu siku hiyo hiyo. Nakuomba.

Mtoto wako.


Bweni la Wasichana
21 Machi 1986

Shangazi,

Shikamoo. Mkono wa kulia usichomwe. Jibu.


Karakana
30 Machi 1986

Kwa Daktari Nusu,

Marahaba. Nimekupandisha cheo, utaona sababu. Vidole vipo vyote kumi, nimevihesabu mbele ya baba yako akiwa shahidi, na vya kulia ndivyo vinavyokuandikia. Sasa kaa chini.

Barua yako ya tarehe 8 baba yako aliichukua posta tarehe 17. Akaja hapa, hakunikuta. Akaitia mfukoni mwa koti lake, lile lililotundikwa ukutani, kwa sababu maisha yake yote hajui mfuko mwingine. Akaenda zake, akasahau. Siku saba barua yako imening'inia hatua mbili kutoka kwenye cherehani yangu, ndani ya koti ambalo kila siku nilikuwa nalitazama nasema kesho. Ile fupi ilifika baada ya mambo kwisha.

Asubuhi ya tarehe 24 nikaona haya, nikalishusha nishone kifungo kabla sijaenda kwenye mapazia. Haya, kwenye dripu. Ndiyo. Damu yangu imepungua tangu mwaka jana, wananipa dawa ya kuiongeza. Sikukwambia kwa sababu nakujua, ungepanda basi la kwanza na vitabu ungeviacha kitandani.

Vidole vikagusa bahasha mfukoni, nikaifungua nikasoma. Nilikuwa na saa moja na nusu. Utaniuliza kwa nini nisimwambie muuguzi kwa mdomo tu. Mwanangu, mimi mbele ya makoti meupe ulimi unakuwa mzito. Hata yale ninayoyashona mwenyewe. Kwa hiyo nikafanya ninachokijua. Nikakata kitambaa cheupe, nikajifunga mkononi upande wa ndani ukiwa nje, kama tufanyavyo siku zote tukimpima mtu, nikabana pini kwa mkono wa kushoto na meno. Nikamfuata Chura kwa vidole viwili, si gumba, nikamchora kwa chaki hadi karibu na kifundo cha mkono. Nikavua, nikashona penye pini, nikapitisha uzi mwekundu juu ya chaki, nikageuza, nikatarizi maneno: PANADUNDA, USICHOME. Kazi safi, ningeweza kuiweka dirishani.

Umeshaona nilichofanya? Huoni, wewe ni daktari. Fundi yeyote angekuwa ameshapiga ukelele. Mkono wa nguo ukiugeuza, wa kulia unakuwa wa kushoto! Nilijaribu kuuvaa kulia, ukanipinda kwenye kiwiko. Nikauvaa kushoto, ukakaa vizuri ajabu. Na mimi nguo ikikaa vizuri sibishani nayo. Miaka hamsini namjua Chura yuko upande gani, na asubuhi ile nilimwamini mshono.

Muuguzi akasoma, akasifia uzi, akauweka mkono wa kushoto pembeni kwa heshima zote, akachukua wa kulia. Mimi nimevimba kwa kiburi, natazama mshono wangu. Akafunga mpira. Akachoma.

Iliuma kuliko siku zote, nikageuka. Damu ilikuwa inapanda mrija yenyewe, inasukuma, inatulia, inasukuma. Na rangi, mwanangu. Mimi nimenunua uzi mwekundu maisha yangu yote. Ile haikuwa maroni. Ilikuwa utepe wa sare mtupu. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kile kigurudumu cha kufungulia dawa.

Ulimi ukafunguka. "USIFUNGUE!" Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anapiga miayo, akaimeza.

Hakufungua. Alichomoa, akakandamiza robo saa nzima, jasho linamtoka kuliko mimi. Vidole viliingia ganzi kidogo, kisha vikarudi, kimoja kimoja. Halafu tukautazama ule mkono wa nguo, yeye na mimi, akaniuliza polepole, "Mama, hii umeivaa upande gani?" Tulicheka hadi nikalia. Dripu waliniwekea nyuma ya kiganja cha kushoto, akiwa amepapasa kwanza mara tatu.

Niliogopa. Nalisema mara moja, usinirudishe tena hapo. Nilikaa kwenye ngazi zao nikifungua na kufumba ngumi, nikiwaza ingekuwaje kama vidole hivi visingeniitikia tena. Kama si rangi uliyoniandikia, leo baba yako ndiye angekuwa anakuandikia, na unajua anavyoandika.

Baba yako amepata kifungo chake. Wewe bado hujanijibu kuhusu jaribio.

Shangazi yako, wa vidole kumi.


Bweni la Wasichana
10 Aprili 1986

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, mwenzangu wa chumba akauliza kama nimepata barua moja au tatu. Baba mwambie simsemeshi hadi Jumapili.

Nimekasirika pia. Tangu mwaka jana! Ukinificha tena ugonjwa nitakuja na sanduku langu lote, nikae hapo karakana nikikupima presha kila ukibadilisha uzi.

Nimempelekea Daktari Kalamu habari yako. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani akaifuta. Anasema watu wa namna yako si wachache kama watu wanavyodhani, ila wengi hawajui, kwa sababu hakuna aliyewagusa. Wengine wana mshipa huo mkono mmoja, wengine yote miwili, kwa hiyo upimwe na wa kushoto vizuri. Na kila atakayekutibu aambiwe. Siku ukivunjika mkono, Mungu apishe mbali, mpasuaji lazima ajue kabla ya kushika kisu, asije akaukata mshipa huo akidhani ni veni ndogo isiyo na kazi.

Sasa zamu yangu. Jaribio halikupita. Tuliambiwa tuchore mkono wa Mwalimu wetu, jinsi tulivyoukuta. Mimi ndiye niliyeufungua, Shangazi, niliushika kwa vidole hivi. Nikachora wa kitabuni. Niliogopa kuandika kitu ambacho kitabu hakina. Nikapata sifuri, na pembeni Daktari Kalamu akaandika: "Huyu uliyemchora ni nani?" Nikaona aibu ambayo sikuweza kuipeleka popote. Sanduku langu nililifunga Februari. Liko chini ya kitanda, nguo zote zimo. Kila asubuhi nachomoa moja, usiku nairudisha. Nilitaka kurudi nyumbani nijifunze kushona, sasa naona hata huko ningegeuza mikono.

Jaribio la marudio ni tarehe 16 Mei. Sijui.

Jambo la mwisho si langu. Daktari Kalamu anaomba, kwa heshima, uje tarehe 14 Mei ukae mbele ya darasa ili wanafunzi wamshike Chura kwa vidole vyao. Nimemwambia ulimi wako ni mzito mbele ya makoti meupe. Amesema haombi ulimi, anaomba kiwiko.

Mtoto wako.


Karakana
29 Mei 1986

Kwa Daktari Robo Tatu,

Marahaba. Nilifika salama. Baba yako alinipokea kituoni amevaa koti kwenye jua kali ili nione kifungo bado kipo.

Matokeo yako nimeyapata, sabini na nane. Nimefurahi hadi nimeshona kola juu chini. Lakini nauliza, ishirini na mbili zilizobaki zimekwenda wapi? Mkono ulikuwa mbele yako, una mistari michache tu.

Nikwambie siku ile nilivyoiona mimi. Uliniacha mlangoni, ukaenda kukaa na wenzako. Nikaingia. Makoti meupe thelathini na sita, na moja tu lililokatwa vizuri, ingawa mwenyewe ameikunja mikono kama mwosha vyombo. Nikataka kugeuka. Ghafla wote wakasimama, kwa sauti moja: "Shikamoo, Mwalimu."

Nilitazama nyuma nione nani ameingia.

Hukuwahi kunisikia nikisema, maana sisemi, lakini nilipotolewa shule darasa la nne nikawekwa kwenye cherehani, kitu pekee nilichokililia kilikuwa ni hicho. Nilitaka kuwa mwalimu. Baba yako anajua, muulize, atajifanya anatafuta miwani. Basi nikaketi, nikakunjua mkono, nikawaambia waje mmoja mmoja, kwa vidole viwili, na atakayeniletea gumba nitamrudisha mwisho wa foleni. Ulimi ulikuwa mwepesi kabisa. Daktari wenu alitaka kueleza kitu kwa kalamu yake, nikamwambia asubiri. Akasubiri.

Mkono wangu haujashikwa hivyo tangu ujana. Wengine walipapasa hadi karibu na bega, mmoja alinitafutia Chura kwenye kifundo. Wewe ulikuwa wa mwisho. Hukutafuta. Uliweka kidole pale pale, ukafumba macho, ukakaa muda mrefu kuliko wote, nami nikaona machozi yako nikajidai nanyoosha sketi. Kama ungechora hivyo, nikajua, hakuna wa kukupa sifuri.

Nina kosa moja la kuungama. Kule bwenini, ulipokwenda kutafuta chai, nililivuta lile sanduku chini ya kitanda. Nimelifungua. Nguo zako zote nimezitundika, pindo mbili zilizoachia nimezishona. Sanduku nimekuja nalo nyumbani, usilitafute. Nimelitia mabaki ya vitambaa.

Damu yangu inapanda, wamepima, muuguzi anakusalimia. Ule mkono wa nguo ameuomba, ameutundika ukutani chumba cha sindano, na kila mgeni akiuliza anamwambia aguse kwanza.

Walipotoka waliniamkia tena, wote. Uliniandikia kwamba yule Mwalimu wenu wa mezani hajaitika hata siku moja. Kwa hiyo niliitika mara mbili, marahaba yangu na marahaba yake. Mwambie kesho asubuhi.

Shangazi yako, Mwalimu.